Picha Niliyoiacha Magunga

Omera Ouma,

Leo nimeisafisha kamera. Ina miaka minane mkononi mwangu sasa. Mpira wa pale pa kushikia ulibanduka, nikaubandika kwa gundi ya viatu, na kitufe cha kuwashia siku hizi mpaka ukibembeleze. Lakini picha bado ni safi, na kila nikiisifu nakukumbuka, maana ni wewe uliyenitoa kwenye ile ya zamani.

"Achana na hilo jiwe, mwalimu," uliniambia siku tulipokutana kwenye uzio wa mbuga ya Ruma. Nilikuwa na kamera yangu kubwa yenye kioo ndani, ile iliyolia *kla!* kila nikibonyeza, na swala wangu wote walikuwa wameshatimua mbio. Wewe ulikuwa na kamera ndogo isiyo na kioo, isiyo na sauti, na swala wako walikuwa bado wanakula nyasi.

Mimi Mkuria wa Migori, mwalimu wa hesabu niliyehamishiwa Rongo. Wewe Mjaluo, muuguzi wa zahanati hapo Magunga. Tukaongea Kiswahili chetu cha huku, na neno la kwanza la kwenu ulilonifundisha likawa hilo, omera, ndugu yangu. Mwezi haukuisha nikanunua kamera kama yako.

Unazikumbuka Jumapili zetu? Tulikaa nyasini tukiwasubiri mbayuwayu wa buluu, wale wanaopita kama jiwe lililorushwa. Mwaka mzima tulipiga mawingu matupu. Na ulikuwa mkali sana kuhusu vumbi. Kamera hizi ukitoa lenzi, moyo wake unabaki wazi, hakuna kioo cha kuukinga, na barabara za Magunga unazijua. Kwa hiyo mmoja alibadilisha lenzi na mwenzake akasimama upande wa upepo ameshika taulo. Hatukuwahi kupangiana zamu. Mikono ilikuwa inajua tu.

Jioni tulipita kwa mama yako. Alitupa nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na chai, akatuuliza kama leo tumeshika ndege au tumeshika jua. Siku moja ulikuwa juu ya paa lake ukigongelea mabati, nami nikampa kamera achungulie. Alishtuka kukuta skrini ndogo mle ndani.

"Kwani hii ni televisheni?"

"Hapana, mama. Ni Ouma huyo, yuko hapo juu."

Akachungulia tena, kwa muda mrefu. "Amekonda," akasema. Akaingia jikoni kukuongezea mahindi kwenye sufuria.

Halafu ukapata kazi ng'ambo, ya kutunza wazee. Nilifurahi, Ouma, usidhani sikufurahi. Uliniachia lenzi yako ndefu, ukaniambia nisiache kwenda kumwona mama. Sikuacha. Kila mwisho wa mwezi nilishuka Magunga. Nilimpiga picha akipepeta, akifuma mkeka, akisinzia kanisani, nikakutumia. Ulijibu kila moja. "Hiyo leso ni mpya?" "Mbona ng'ombe mmoja hayuko?"

Alipofariki, ulinipigia wewe mwenyewe. Makaratasi yako ya kuishi huko yalikuwa hayajatoka. Ukiondoka huko, huruhusiwi kurudi tena. Ulilia, kisha ukasema maneno ambayo hadi leo nayasikia kama ulivyoyasema: "Omera, nipigie picha zote. Kila kitu. Nataka nimwone akishuka."

Nilikuja na betri tatu, maana kamera hizi zinakula betri kama ng'ombe kwenye majani mabichi. Niliiweka kimya kabisa. Mazishi ya mtu uliyekula kwake si mahali pa kulia *kla*. Nilipiga kwaya yake, wanawake wa kanisa na vitambaa vyao vyeupe, dada yako Akinyi ameegemea mlango wa jikoni. Akinyi alijaribu kukuunganisha kwa simu ya video ili uone. Uso wako ukaganda, ukapotea. Nikajua basi, macho yako ni mimi.

Siku ya pili nilikutumia picha zote, mia tatu na kitu. Ukajibu: "Mbona hakuna ya kaburini? Niliomba kitu kimoja tu."

Niliandika, nikafuta. Niliandika tena. Mwisho nikakutumia maneno mawili: "Betri iliisha."

"Wewe? Wewe kila siku unatembea na betri tatu," ukaandika. Baada ya hapo hukuandika kitu tena. Ni mwaka wa pili huu. Nimekutumia salamu za Krismasi, za Pasaka, na siku ile nilipompata mbayuwayu wetu hatimaye, mabawa wazi, kila unyoya unahesabika. Umeona. Hukujibu.

Ile picha sijui nimwonyeshe nani. Niliwaonyesha walimu wenzangu wakati wa chai. Wakasema ni ndege mzuri, wakaendelea na habari za mpira. Jumapili naenda Ruma bado. Natembea ule uzio peke yangu, nikifika pale tulipokuwa tunakaa najikuta nimeweka mkoba upande mmoja, kama wa kukuachia nafasi. Kubadilisha lenzi nabadilishia ndani ya shati langu, nimeinama, nimeupa upepo mgongo. Vumbi linaingia tu. Kwenye kila anga ninayopiga kuna alama moja nyeusi upande wa kulia, na sijaipeleka itolewe.

Nilikudanganya, Ouma. Betri ya tatu ilikuwa imejaa.

Nilikuwa nimeshasimama mahali pazuri, jeneza likiwa kwenye kamba. Ndipo mchungaji akasema, "Mtoto wa kiume wa marehemu asogee, aweke udongo wa kwanza." Nafikiri hakujua kwamba uko ng'ambo. Alitazama huku na huku, akaita tena. Mzee mmoja akasema tuendelee, atawekewa na binamu. Akinyi akatikisa kichwa. Akanijia mimi, uso umelowa.

"Chacha, nenda."

"Mimi? Mimi si wa kwenu, Akinyi."

"Hiyo chakula ya mama ulikuwa unakula ukiwa wa wapi? Nenda."

Nilisikia watu wakinong'ona kwa Kijaluo. Yule mzee alinitazama, akatazama viatu vyangu, kisha akapisha njia. Niliiweka kamera juu ya kiti cha plastiki. Nilijua ninaacha nini. Ulikuwa umeniomba kitu kimoja, na mikono yangu haikutosha kwa vyote viwili. Niliporudi kwenye kile kiti, vijana walikuwa tayari na majembe, na jeneza halikuonekana tena.

Ningekwambiaje hayo siku ile? Kwamba mtu mwingine alisimama pako, na kwamba mtu huyo ni mimi? Niliona heri unichukie kwa uzembe kuliko uumie kwa hilo. Nikaogopa pia, nisikufiche hata hili, kwamba ungeniona nimekunyang'anya mama.

Kwa hiyo picha hiyo haipo, na haitapatikana. Ninachoweza kukupa ni kile kilichotokea. Udongo ulikuwa mwekundu, wenye unyevu, maana mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nilichota kwa mkono wa kulia. Niliinama karibu sana ili wengine wasisikie, nikautupa, na sikutaja jina langu. Nilimwambia, "Mama, ni mimi, Ouma. Nimefika."

Ubaki salama huko kwenye baridi. Mimi niko.

Omera wako,
wa Rongo