Dada, Khalfan Ameitukana Mvua Yako

Dada Zuwena,

Tumerudi wiki iliyopita kutoka Bergen. Ndiyo, Bergen ile ile ya Norway uliyoiona kwenye televisheni ukaapa kwamba lazima utaikanyaga. Mumeo Khalfan ameikanyaga kwa niaba yako. Alikwenda na mke mpya, na mimi mdogo wako akanichukua nimwangalie binti yako Thuwaiba, ili bwana na bibi arusi wapate kutembea. Asiyekuwapo na lake halipo, najua, lakini sikujua kwamba hata safari ya marehemu ina mrithi.

Nilikubali kwa ajili ya mtoto. Tangu Khalfan amkataze kukutaja mbele ya mama mpya, eti "tusimtie mtu simanzi", Thuwaiba hakukutaja tena hata tukiwa wawili tu. Ana miaka tisa, na jina lako amelimeza kama kidonge. Nilikuwa naogopa, Dada. Naogopa kwamba utamtoka moyoni na mimi niko hapo hapo natazama.

Basi nikuhadithie mji wako. Ni mzuri, sikatai. Milima imeuzunguka, bahari imeingia mpaka katikati, na gatini nyumba za mbao zimeegemeana, nyekundu kwa njano. Khalfan hakuona lolote kati ya hayo isipokuwa yeye mwenyewe akiwa mbele yake. Kila nyumba ilibidi tumpige picha, tumbo kalivuta ndani, miwani ya jua machoni, na jua lenyewe halipo. Alibeba mchele na sufuria ya umeme kutoka Muscat, maana hamwamini mpishi asiyemjua. Sokoni akamweleza muuza samaki, kwa Kiarabu, kwamba changu wa kwetu Yiti ni bora kuliko samaki wake wote, na alipoona haeleweki akapaza sauti. Yule bibi akatabasamu, akampa kipande aonje. Akakila, akauliza ndimu iko wapi.

Na mvua, Dada! Ilinyesha tulipotua, tukalala inanyesha, tukaamka inanyesha. Wenyeji hawaigeuzii hata shingo; niliona mama anasukuma kigari cha mtoto, maji yanamchuruzika, na mkononi ana aiskrimu. Khalfan alikuwa akisimama dirishani hotelini akiitukana. "Mvua gani hii isiyo na adabu! Nimekuja kuona mji, sikuja kuona maji!" Mtu huyu huyu kila mwaka hutupakia garini hadi Salala, kule kusini, tukakae kwenye foleni ya magari, apate manyunyu ya kulowesha ndevu, kisha ajisifu mwezi mzima.

Miaka yote ile mliyoishi naye hakuwahi kukuuliza kwa nini Bergen. Mimi nilikuuliza. Ukacheka: "Asya, nnataka niuone mji ambao dua zinapokewa mchana kutwa." Kwani mvua ikidondoka kwetu Bustan, nani angekuzuia? Ulikuwa ukiacha chungu motoni, unatoka uani, unavua ushungi, unatupigia kelele: "Tokeni nje, ombeni, mvua ikinyesha mlango wa dua uko wazi!" Thuwaiba kakushika kiuno, anaitikia amina hata hajui anaitikia nini. Na wali unaungua, kila mara. Khalfan alikuwa akiletewa ukoko, ananuna mpaka kesho yake. Hilo ndilo pekee alilolijua kuhusu mvua.

Siku ya mwisho tukapanda mlimani kwa kigari cha reli kinachovutwa na kamba. Kufika juu, mvua ikamwagika. Wageni wote wakakimbilia mkahawani, Khalfan mbele yao, akimpita hata kizee mwenye mkongojo. Nikageuka kumtafuta mtoto. Alikuwa kasimama pale pale, kashusha kofia ya koti, uso juu, viganja wazi. Kisimamo chako, Dada.

Mke mpya akatoka mbio na mwavuli, akamfunika. Thuwaiba akapiga hatua, akajitoa. Nikasema moyoni, haya, sasa atamburuta. Yule mwanamke akamtazama kidogo, akaufunga mwavuli, na yeye akainua mikono. Nikabaki na mtu mmoja tu wa kumdharau.

Ndipo mtoto akasema, kwa sauti, "Ya Rabbi, mrehemu mama yangu Zuwena. Na umwambie kwamba mvua ya huku baridi."

Aliyeitikia amina ni mke mwenzio. Mimi nilitaka kuitikia, sikuweza, nililia tu. Nyuma ya kioo Khalfan alikuwa akigonga kwa pete yake, akituashiria tuingie, tusimwaibishe mbele ya watu.

Sasa kila mgeni anayefika nyumbani kwake Madinat Sultan Qaboos anaambiwa kwamba safari iliharibiwa na mvua. Asiyejua maana haambiwi maana. Simwambii.

Lala kwenye rehema, Dada yangu. Mwanao anakutaja tena, hata mezani, hata baba yake akijikohoza. Nami nakuahidi hili: tone la kwanza likianguka Muscat, nitaacha nililo nalo niende nikamtoe nje. Na wali, acha uungue.

Mdogo wako,
Asya