Si Fundi Aliyekuchongea

Leo umetimia mwaka tangu utuache, Kapteni, saa nne asubuhi, bafuni, povu la kunyolea likiwa bado shavuni. Mwaka mzima watu wananisihi niandike kitu kizuri juu yako. Haya, naandika. Nianze na mazuri yako, maana yalikuwepo.

Ulikuwa mwoka mikate, na sijapata kumwona mteja aliyerudisha mkate wako. Ulikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Jumamosi uliwakaribisha wanafunzi wa shule ya jirani kwenye ule uwanja wetu mdogo wa ndege, wa nyasi, na kila mmoja alikaa kwenye kiti chako akashika usukani. Walirudi kwao vichwa vimewavimba. Hilo ni lako, halina ubishi.

Watu walikuita Kapteni. Kapteni wa ndege ya viti vinne, kimoja kimeshonwa kwa uzi wa magunia! Lakini uliipenda. Kabla ya kuruka uliizunguka mara mbili ukiipigapiga tumboni kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mimi hukuwahi kunipigapiga hivyo, ila tuyaache hayo.

Zamani klabu yenu ilikuwa na watu thelathini. Wazee wakafa, vijana wakasema kuruka kwa kujifurahisha ni mambo ya wazee, mkabaki kumi na mmoja, ndege saba na fundi mmoja. Kila mwaka Fundi alizifungua zote, moja moja, akazikagua, akatia saini kwenye kitabu cha kila ndege. Bila saini hiyo hakuna ndege iliyoruhusiwa kuondoka chini. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa.

Halafu ukaanza kuzima. Nasema kuzima kwa sababu hukutaka tuuite ugonjwa. Kikombe mkononi, macho wazi, na wewe hupo. Baadaye unarudi, unauliza, "Tulikuwa tunasema nini vile?" Mara ya tatu ulizima tukiwa angani, mimi na wewe tu, tunashuka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Ulizinduka magurudumu yakiwa yameshagonga nyasi. Neno lako la kwanza likawa, "Ukimwambia mtu, mimi na wewe basi."

Fundi alichuchumaa akautazama mguu wa ndege uliopinda.

"Kapteni, hapa kumetokea nini?"

"Upepo."

"Upepo gani, na leo hata jani halitikisiki? Mzee, nenda kapimwe kwanza."

Ukacheka. Jioni ileile ukamwahidi mjukuu wetu, mtoto wa miaka saba, kwamba Jumapili utamrusha.

Alhamisi kibali chako cha urubani kikafutwa. Daktari wa marubani alisema amepata taarifa, hakusema kutoka kwa nani, nawe ukaona huna haja ya kuuliza. Ulisimama kwenye chumba cha klabu, ukamwita Fundi nyoka mbele ya wenzako wote, ukataka arudishe funguo za banda. "Ama yeye, ama mimi!" Na wao, wanaume wazima na vitambi vyao, wakatazama sakafu, wakakuchagua wewe.

Akili gani hiyo, jamani? Mlimfukuza mtu pekee wa kutia saini. Hakuna fundi mwingine aliyekubali kuja kuhudumia ndege saba kuukuu. Saini zikapitwa na muda, ndege zikakaa bandani mpaka matairi yakalala na shomoro wakajenga ndani ya injini. Mwaka uliofuata klabu ikafungwa, na sasa mahali pale pamepimwa viwanja vya nyumba. Ulilaumu serikali, ukalaumu vijana wa siku hizi, ukalaumu hata simu zao. Uwanja uliuua wewe, Kapteni, kwa mdomo wako.

Ukamwagiza na mdogo wako kwamba ukifa, Fundi asikanyage mazikoni. Alikuja. Alivaa suti, kofia kaishika mkononi. Shemeji akamzuia getini, kiganja kifuani. Nilikuwa hatua tano tu kutoka pale. Nilitazama viatu vyangu.

Ni mimi, mume wangu. Jumatatu ile niliyokuaga kwamba naenda kusuka, nilikwenda kwa daktari wa marubani nikamweleza yote. Na ningeenda tena. Ungemwangusha mtoto kutoka juu huku umekodoa macho, kisha kama ungepona ungesema upepo. Kwa hilo sikuombi radhi hata chembe. Ila nilikuacha ummalize mtu asiye na kosa, nami nikaendelea kukupakulia chakula, miaka mitatu, kwa sababu nilikuogopa. Aibu hiyo ni yangu.

Mwezi uliopita nilimfuata Fundi. Siku hizi anatengeneza pampu za maji kwenye kibanda nyuma ya duka la matairi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuweka spana chini.

"Nilijua, mama," akasema. "Ndani ya ndege mlikuwa wawili."

"Mbona hukujitetea?"

"Nilijitetea. Mara tatu, mbele ya kaunta ya klabu. Na wewe ulikuwa palepale, unamimina chai."

"Ungenitaja basi."

"Kujitaja ilikuwa kazi yako, si yangu kukutaja."

Nikamuuliza anataka nini. Akasema, "Mlinipaka matope hadharani. Nisafisheni hadharani." Kisha akarudi kwenye pampu yake.

Binti yetu aliposoma haya machozi yalimtoka. "Mama, usiyatoe gazetini. Baba ameshakufa." Nikamwambia, Fundi yuko hai.

Basi wasomaji wasikie, na wale kumi wa klabu wasikie zaidi: Fundi hakumchongea mtu. Niliyesema ni mimi, mkewe.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Unakumbukwa na binti yetu, anayekupenda kuliko nilivyoweza kukupenda mimi mwishoni. Unakumbukwa na mdogo wako, aliyekwenda kwa Fundi kuomba radhi akafungiwa mlango. Unakumbukwa na mjukuu wetu, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja, na mpaka leo anadhani babu yake alivunja ahadi tu.

Tulimwomba Fundi tumtaje hapa pamoja nasi. Amekataa. Amesema yeye anajitahidi kukusahau, na tafadhali tusimrudishe nyuma.

Sisi hatuna ujanja huo. Tutakukumbuka, tupende tusipende, mpaka siku zetu ziishe.