Mishiri ya Mama Gathoni

Griftu, Jumamosi alasiri, 1996

Jua la leo limewafukuza hata kuku, wote wako chini ya tangi wamefungua midomo. Vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Lakini mimi nina furaha. Ni furaha mbaya, ile ya mtu aliyelipiza kisasi, na sioni haja ya kuificha hapa.

Nimemlisha Mama Gathoni mishiri ya chumvi, na ameimaliza yote.

Hasira hii ina mwanzo wake. Tulipohamishiwa huku Wajir kutoka Machakos mwaka jana, mume wangu akiwa mwalimu, sikujua lolote kuhusu maji ya visima vya hapa. Maji haya yana chumvi yake tayari. Ukichemshia mboga za kijani, zinakakamaa, na ukiongeza chumvi yako umeharibu kila kitu. Mgeni huambiwa hivyo siku ya kwanza na jirani yeyote mwenye utu. Jirani yangu mimi ni Mama Gathoni, mke wa afisa wa mifugo. Amekaa hapa kutushinda sote tuliotoka "Kenya", kama wenyeji wanavyoiita nchi yote iliyo nje ya huku kaskazini.

Sisi wanawake wa shuleni na maofisini tuna kikundi. Kila mwezi tunakula nyumbani kwa mmoja wetu, na sheria yetu kubwa ni kwamba sahani hairudi na chakula. Kubakisha ni kumtukana mwenye nyumba mbele ya watu.

Zamu yangu ya kwanza ilipofika nilitaka kujionyesha. Nilinunua mishiri, yale maharagwe machanga membamba yanayoliwa na ganda lake, iliyokuja na lori kutoka mashamba ya Garissa kando ya Tana. Mama Gathoni alifika mapema, eti kunisaidia. Akakaa kwenye kigoda jikoni. Akanitazama nikimimina maji ya kisima kwenye sufuria. Akanitazama nikitia chumvi, tena ya kujaza kiganja.

"Una mkono mzuri, Mama Kioko," akaniambia.

Mungu wangu! Siku ile wageni walitafuna mpaka taya zikachoka. Walikunywa maji jagi baada ya jagi, na kwa adabu wakamaliza. Halima, mwalimu wa darasa la kwanza, alitokwa na machozi. Ndipo Mama Gathoni akacheka, akawaambia wote, "Nilimwona akitia chumvi, nikasema ngoja nione!"

Aliniona. Akanyamaza.

Tangu siku hiyo nikawa Mama Chumvi. Watoto kisimani, Mama Chumvi. Mwenye duka, Mama Chumvi. Kila mgeni akiletwa Griftu, Mama Gathoni humsimulia habari zangu kabla hata hajafungua mizigo. Mume wangu naye ulimi ulimteleza siku moja, akalala njaa. Mtu akikunyang'anya jina lako, anakunyang'anya na uso wako. Mimi nilitaka jina langu lirudi.

Kwa hiyo nikajifunza, na nilijifunza kwa kuunguza. Niliwahi kuipika kwa maziwa ya ngamia, ikawa kitu ambacho hata paka alikigeuzia mgongo. Lakini nimeijua sasa. Mishiri ya huku haitaki maji. Unaikata mshazari, unaitia kwenye samli ya moto na vitunguu mpaka ganda linyauke kidogo. Ndipo unatia nyanya nyingi, kitunguu saumu, bizari na iliki, unafunika, moto wa makaa machache. Nyanya zinatoa maji yao na mishiri inalainika bila kupoteza rangi. Chumvi ni ya kudokoa tu kwa vidole viwili, mwisho kabisa.

Ukiwa na nyirinyiri, ile nyama ya kukaushwa inayohifadhiwa ndani ya samli, itie pamoja na vitunguu, halafu usimwite mtu yeyote mpaka ushibe wewe. Na yale maji ya mvua niliyokinga kwenye jerikeni nayatumia kwa namna nyingine: naitokosa nzimanzima kidogo tu, naichovya kwenye yai lenye pilipili manga, naikaanga. Kioko anaila kama chipsi.

Leo zamu imenirudia. Nimepika ya nyirinyiri na ya mayai kwa watu wote. Pembeni nikabandika kisufuria kidogo. Maji ya kisima. Chumvi ya kujaza kiganja. Juu yake nikamwaga mchuzi ule ule wa nyanya ili zifanane.

Nilimpakulia Mama Gathoni mwenyewe, tena kwa heshima zote.

Halima ndiye aliyeanza kusema, kwa Kiswahili chake cha Kisomali, akiniita dada. "Wallahi abaayo, hii mboga iko tamu! Mimi nilisema majani ni ya mbuzi. Nibe ingine!" Wengine wakaitikia, vijiko vinagonga sahani. Mama Gathoni akasimamisha taya. Akatazama sahani yake, akatazama ya Halima, kisha akanitazama mimi.

Hapo niliogopa, nakiri. Angemwambia Halima aonje tu, ningeumbuka. Lakini angesema nini? Kwamba yake ina chumvi, wakati nyumba nzima inasifu? Wangesema ana wivu. Na mtu akiuliza kwa nini nimtendee hivyo, ingebidi kisa cha kigoda kisimuliwe upya, na safari hii si mimi ambaye ningechekwa.

Akala. Kijiko kwa kijiko. Jasho likamtoka puani. Amekiona cha mtema kuni huku kila mtu akimwuliza kama si tamu, naye akiitikia kwa kichwa. Nilitafuta huruma kila pembe ya moyo wangu, sikuipata. Nilimwongezea kijiko kimoja.

Wageni walipoanza kuondoka Mama Gathoni alibaki nyuma, mlangoni. Akanishika mkono, akaubana mpaka pete ikaniuma.

"Asante kwa chakula, Mama Kioko."

Mama Kioko! Mbele ya Halima aliyekuwa anatafuta viatu vyake. Nilisikia roho ikipoa, nikataka hata kucheka.

Kisha akanisogelea sikioni. "Mwezi ujao ni kwangu. Usikose. Wewe nitakupakulia mwenyewe."

Nimekaa hapa na sufuria ambazo hazijaoshwa, nikijiuliza ni nini atakachoniwekea. Ningeweza kusingizia malaria. Ningeweza kwenda Wajir mjini siku hiyo, sababu hazikosekani.

Hapana. Nitaenda. Nitajifunga leso yangu mpya, nitakaa mbele kabisa, na chochote atakachonipakulia nitakimaliza, nikimtazama machoni, halafu nitaomba niongezwe.