Nilipogeuka Mama wa Tangazo

Jumatatu, 10 Novemba

Treni ya asubuhi kutoka Jakobsberg imechelewa tena. Majani yameanguka kwenye reli, wametangaza. Uswidi, nchi inayounda magari ya kutamaniwa na dunia nzima, halafu inashindwa na majani. Nimefika ofisini Sundbyberg bado giza. Nimewasha taa za idara nzima peke yangu.

Uzinduzi wa tangazo letu jipya la magari ni Alhamisi. Nimelitazama tangazo kwa mara ya mwisho. Bado halina gari. Watu waliovaa nguo za rangi ya chungwa wanatembea polepole juu ya theluji, mbele yao msichana mweusi mrefu aliyenyoa kichwa. Kisha linatokea jina la kampuni yetu, tranefors, herufi ndogo tupu. Basi, limeisha. Magari ya Tranefors yamekuwa na ndege korongo wa fedha juu ya boneti tangu enzi za mababu wa watu hawa. Sisi tumemng'oa korongo na gari lenyewe tumelificha.

Mimi nilisema mapema kwamba korongo abaki. Nilisema zamu yangu ilipofika. Hapa ofisini hakuna bosi anayeamua. Tunaketi, tunakunywa kahawa na mikate ya mdalasini, kila mtu anapewa nafasi ya kusema, meza inazungukwa. Mwishoni Henrik, mkuu wetu wa masoko, anasema vizuri, naona tumekubaliana. Mpaka leo sijajua huwa anaonaje. Siku ile wote waliitikia kwa kichwa. Na mimi nikaitikia, maana hapa ukipinga mara ya pili unakuwa mgomvi.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimerudi nimechoka, lakini furaha ninayo.

Ukumbi ulikuwa ghala la zamani lililopakwa chokaa nyeupe. Wageni wengi, waandishi wa habari, wazee wenye magari yao ya zamani. Tangazo likaonyeshwa. Makofi ya heshima. Mwishoni Henrik akanipa kipaza sauti bila kuniandaa. Sema machache, Ruth, wewe ndiye uliyewaalika watu.

Nikafanya kama nilivyolelewa. Kwetu ukipewa kipaza sauti mwisho wa shughuli unatoa neno la shukrani, na neno la shukrani lina adabu zake. Huanzi na mimi. Unasema kwa niaba ya wote. Unawashukuru waliopika na waliofagia. Na kile kilichowakusanya watu, iwe duka, kisima au shahada ya mtu, unakiita mtoto, unawakabidhi wageni wamlee. Nimefanya hivyo kwenye harusi ngapi, matanga mangapi. Kanisani hawamtafuti mtu mwingine. Kwa hiyo nikasema kwa Kiswidi, huyu ni mtoto wetu, tumembeba muda mrefu, leo tumemtoa nje mumwone, mpokeeni.

Wakacheka vizuri, wakapiga makofi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kibeji cha korongo kwenye koti, hakupiga. Alikuwa ameinua simu ananirekodi.

Ijumaa, 14 Novemba

Moto umewaka.

Simu haziwekwi chini. Mtandaoni ndiyo usiseme. Rudisheni korongo. Mmeaibisha nchi. Mtu mmoja amelifunika gari lake kwa kitambaa cheusi kama jeneza akalipiga picha. Mwingine anauliza kama sasa tunauza nguo za kuchezea theluji. Haya ya korongo nayaelewa, hata mimi namlilia. Lakini yanayoandikwa kuhusu yule msichana wa tangazo sitayaandika humu. Ni mtoto wa watu, ametembea kwenye theluji akalipwa, akaenda zake.

Kazi yangu ni kuwajibu. Nimejibu mpaka vidole vimekufa ganzi. Asante kwa maoni yako. Asante kwa maoni yako. Henrik anapitapita akisema kelele ni dalili njema, watu wanatuzungumzia. Kikombe chake cha kahawa kimepoa mkononi, hajakionja.

Jumamosi, 15 Novemba

Sasa ni mimi.

Ile video ya mzee imekatwa. Wameacha sehemu ninayosema mtoto na tumembeba, wameondoa shukrani zote. Chini yake wameandika huyu ndiye mama wa tangazo. Wanauliza mwanamke wa Afrika anajua nini kuhusu korongo wetu. Wengine wanashauri nirudishwe nilikotoka, kana kwamba Jakobsberg ni mbali.

Mama Zawadi amepiga simu kutoka Fisksätra. Ni rafiki yangu wa Lubumbashi, amejifungua mwezi uliopita, na hata yeye na uzazi wake ameonyeshwa hiyo video na watoto wake wakubwa. Amenitukania watu wote hao kwa Kiswahili cha kwao na Kifaransa juu yake. Nimepata nafuu kidogo.

Baba Imani amejaribu mzaha. Eti nimezaa bila kumshirikisha. Nimecheka, kisha nimekasirika kwamba nimecheka.

Imani hakucheka. Ana miaka kumi na tisa, anasoma chuo, amezaliwa hapa. Ameniuliza kwa Kiswidi kwa nini nilisema ni mtoto wangu. Nikamweleza kwa Kiswahili habari ya neno la shukrani, kwamba mtoto ni wa wote, ndivyo inavyosemwa. Akanijibu kwa Kiswidi kwamba hapa hakuna anayejua hayo, mama, hapa mtu akisema mtoto wetu watu wanatafuta nani amezaa. Nikamfokea. Nimemfokea kwa sababu amesema kweli.

Jumatatu, 17 Novemba

Nikiingia jikoni ofisini, maongezi yanakatika. Kila mtu anakumbuka ana kikao.

Henrik ameniita, akafunga mlango, akanimiminia kahawa mwenyewe. Nikajua pana jambo. Bodi inataka sura, amesema. Watu wamekasirika na hawaoni mtu. Kuna kipindi cha asubuhi cha televisheni, Alhamisi, wametualika. Anafikiri mimi ndiye wa kwenda. Sura yangu watu tayari wanaijua. Niseme wazo lilizaliwa kwangu, kwa mtu aliyetoka mbali na anayetaka kila mtu ajione kwenye gari hili. Kisha niombe radhi kwa ajili ya korongo. Kwa upole tu. Mambo yatatulia.

Nikamwambia Henrik, mimi nilisema korongo abaki. Akanitazama kama niliyezungumza Kiswahili.

"Lakini tulikubaliana sote, Ruth. Na wewe mwenyewe ulisema mbele ya watu kwamba ni mtoto wenu."

Sauti laini kabisa. Hata hakuwa mwongo. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, kwamba ukimsikiliza huwezi kuonyesha uongo uko wapi. Uamuzi wa mezani hauna mwenyewe. Kwetu jambo likiharibika unajua mlango wa kubisha. Hapa milango yote inafanana, na wa kwangu ndio uliobandikwa jina.

Anataka jibu Jumatano. Nisipokwenda, idara itabidi itazamwe upya. Katika nchi hii hufukuzwi. Unatazamwa upya.

Jumanne, 18 Novemba

Sijafanya kazi yoyote ya maana leo.

Imani amerudi mapema. Hakutaka kula. Nimemtoa neno moja moja mpaka amesema. Darasani wamemuuliza kama yule ni mama yake. Alisema ndiyo. Akaulizwa kama anaona aibu. Hakuniambia alijibu nini na mimi nimeogopa kuuliza.

Baba Imani anasema niende. Nikaseme wanavyotaka, nirudi, mwezi ujao watu watakuwa na ugomvi mwingine. Simlaumu. Anaogopa, nami naogopa. Niliingia kampuni hii kwa kupokea simu, na nimepanda ngazi polepole, jina langu likiwa safi kila hatua. Sasa wanataka jina lenyewe. Nikilitoa, kazi inabaki. Na Imani atabaki binti wa mwanamke aliyemuua korongo, safari hii kwa kukiri mwenyewe kwenye televisheni.

Niandike ukweli. Nusu yangu inataka kukubali. Ni rahisi. Maneno matamu, vipodozi usoni, sofa laini, yamekwisha.

Jumatano, 19 Novemba

Nimefanya jambo.

Kikao cha saa za kahawa. Wote walikuwepo. Henrik akaanza kueleza kwamba Ruth atatuwakilisha kesho. Nikaomba nafasi. Nikasema nitakwenda, ila kwanza tuzunguke meza. Kila mmoja aseme kama alikubali korongo aondoke. Aliyekubali aje tukae naye kwenye sofa la televisheni. Nikawaambia kwetu likisemwa neno la shukrani kwamba mtoto ni wetu, hakuna mtu ukumbini anayesimama kusema simjui.

Walipenda. Kuzunguka meza ni desturi yao, wangekataaje?

Wa kwanza alisema hakumbuki vizuri. Wa pili alikuwa likizo. Wa tatu alikubali mwelekeo, siyo matokeo. Mwingine alisema yeye ni wa rangi tu, rangi ya chungwa anaitetea. Ikaendelea hivyo, kila mtu akimweka mtoto chini taratibu na kujifuta mikono. Nilikuwa naona hasira inanipanda mpaka masikioni.

Ikamfikia Bengt. Ni mhandisi, mzee, anakaribia kustaafu, huwa hasemi. Alizungusha kijiko kwenye kikombe.

"Mimi nilikubali. Sikupenda, lakini nilikubali. Nitakwenda na Ruth."

Henrik alisema yeye aliongoza mazungumzo tu.

Zamu yangu ikafika mwisho. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, yote yakanitoka kichwani. Nikasema yaliyobaki.

"Mimi nilisema abaki, halafu nikaitikia kwa kichwa. Hilo ni langu, nitalibeba. Lenu sitalibeba."

Henrik akafungua mdomo. Nina hakika alitaka kusema naona tumekubaliana. Akaufunga. Watu wakachukua vikombe vyao wakatoka mmoja mmoja, na mkate wa mdalasini ukabaki sahani nzima. Sijawahi kuona hilo tangu nianze kazi.

Alhamisi, 20 Novemba

Hakuna aliyekwenda televisheni. Kampuni imefuta mwaliko, imetoa taarifa isiyo na jina la mtu. Tumewasikiliza, inasema. Korongo huenda akarudi, akiwa mdogo, kwenye baadhi ya magari. Tangazo limeondolewa. Yule msichana wa theluji hakutajwa hata kwa pole.

Mchana nimeitwa. Wametutazama upya. Kuanzia mwaka mpya nafasi yangu haipo. Ya Henrik ipo. Bengt alikuja mezani kwangu, akanipa mkono. Aliushika wangu muda mrefu, kama msibani.

Nimelia chooni. Nimeosha uso. Nimejibu barua za watu zilizobaki. Asante kwa maoni yako.

Nyumbani nimewaambia. Baba Imani akasema basi tutakula ugali kwa jina safi. Akaenda kuupika mwenyewe. Ulikuwa na mabonge. Imani alikula wote, akanitazama sana.

Jumapili, 23 Novemba

Theluji ya kwanza, nyepesi, haijashika chini.

Leo Mama Zawadi amemtoa mtoto nje kwa mara ya kwanza, akamleta kanisani. Ibada, kisha chakula kwenye ukumbi tunaokodi hapa Jakobsberg. Amekuja na familia nzima kutoka Fisksätra, treni juu ya treni, na masufuria yamefungwa kwa vitambaa. Pilau ya Wakenya, sombe ya Wakongo ya majani ya muhogo, mandazi ya Mama Mchungaji yasiyoisha. Mtoto anaitwa Baraka. Ana nywele nyingi na hana haraka.

Watu waliposhiba, mshereheshaji akasema sasa neno la shukrani. Hakutaja jina. Shingo zote zikanigeukia, kama kawaida.

Sikuweza kuinuka. Niliona simu imeinuliwa meza ya mbele, mtu anampiga mtoto picha tu. Nikatazama sahani. Nilijionea aibu, mtu mzima mimi, naogopa watu wangu mwenyewe.

Kiti kando yangu kikasogea. Imani amesimama. Mtoto ambaye tangu aanze shule nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiswidi. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kwa niaba ya mama yangu, na kwa niaba ya wote. Asanteni mliopika. Asanteni mliofagia. Hii mtoto ni yetu. Sisi wote tutabeba yeye."

Kiswahili kimepinda kila kona. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesahihisha. Mama Zawadi akaitikia amina, ukumbi ukafuata. Imani akaketi, uso umemwiva, akatafuta mkono wangu chini ya meza.

Kisha Mama Zawadi akaja akanipa Baraka. Mzito kuliko nilivyodhani, amelala, ananuka maziwa. Nikamshika kidogo, nikampa Imani, Imani akampa baba yake, naye akampitisha meza ya pili. Akazunguka ukumbi mzima mkono kwa mkono mpaka akamfikia mama yake. Hakuna aliyekataa zamu yake. Halafu tukaondoa sahani tukaosha vyombo.