Tunaongoza Bao Moja

Nizwa, Omani, Ijumaa, 1978

Huyu Zuwena wangu! Nimemkataza mara ngapi kufungua barua za kaka yangu Hamadi? Narudi msikitini tu, ananambia, "Baba, timu yenu imefungwa mbili kwa moja." Hata hamu ya wali imenitoka.

Hamadi kabaki Unguja. Kila timu yetu ya mtaa wa Ng'ambo ikicheza, huniandikia mchezo mzima tangu filimbi ya mwanzo. Barua huchukua wiki tatu. Ijumaa baada ya alasiri tunakutana wazee wanne tuliokulia Ng'ambo, nami nawasomea kama mtangazaji wa redio. Mwisho wa barua hachungulii mtu, hata mimi.

Leo nimesoma nikijua. Lakini winga wetu alipochomoka na mpira kushoto, karibu na ile kona tulipokuwa tukikaa utotoni kutafuna miwa, Bwana Nassor akanishika mkono. "Haya, haya!"

Goli! Karuka na bakora yake, kahawa ikamwagika mkekani. Na mimi nikaruka. Wallahi nilisahau kama najua.

Nassor hajacheka vile tangu amzike mkewe.

Kufika mapumziko nikaikunja barua. Nikawaambia macho yananiuma, kipindi cha pili tutasoma Ijumaa ijayo. Wakaondoka wakibishana nani atafunga la pili.

Sijui nitawaambia nini. Ila wiki nzima hii, hapa Nizwa, tunaongoza.