Ova Sitini za Tunu

Moza, nimeharibu. Yaani nimeharibu hasa.

Si unajua leo nilikuwa jaji wa chemsha bongo, shule yetu ya Ruangwa na wale wa Nachingwea? Wamefungana mpaka swali la mwisho. Mshindi anakwenda Lindi, fainali za mkoa.

Kwa kuwa Kombe la Dunia la kriketi linaendelea, nikauliza: "Kombe la kwanza, mwaka 1975, kila timu ilipewa ova ngapi, yaani zamu za kurushiwa mipira sita sita?"

Akasimama binti wa Nachingwea, Tunu, anatoka kijiji cha Kiegei. "Sitini, mwalimu."

Shoga, nikacheka! Kwenye kipaza sauti! Nikasema, "Sitini? Kriketi gani hiyo? Ni hamsini." Ukumbi mzima ukacheka.

Sitini, Moza. Alisema sitini.

Nikawapa ushindi watoto wetu.

Narudi ofisini, nafungua kitabu: makombe matatu ya mwanzo yalikuwa ova sitini! Hamsini zimeanza 1987. Mimi nimekariri za siku hizi.

Nikamwendea mkuu wetu. Akasema, "Matokeo yameshatangazwa, Mwanamvua. Nyamaza."

Nikakimbilia stendi, nikawakuta wanapanda basi. Nikamwambia Tunu, "Mwanangu, ulipatia. Nisamehe."

Akasema, "Baba ndiye aliyenifundisha, alikuwa anafuatilia redioni. Ila ulivyocheka, mwalimu, nikaona labda baba ni muongo."

Nimepanda basi hilohilo, nimekaa naye kiti kimoja. Naenda Kiegei kwa baba yake. Mkuu anapiga simu, sipokei.