Huye isizimwe kwanza

Alhamisi. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi siketi wala sisimami. Nimeinjika maharage, nimeyaepua, nimeyainjika tena.

Shule sikuwahi kuingia, kwa hiyo mimi nasema, simu inaandika. Ikikosea, msome hivyo hivyo.

Ni wajukuu wangu, Solange na mdogo wake Eric. Niliwalea mimi, Nyogokuru wao, yaani bibi yao, tangu Bujumbura hadi tukarudi hapa Kigali. Wanafanya kazi kampuni moja ya kompyuta. Zahanati zinawatumia taarifa za wagonjwa, mashine zinazipanga, daktari akiuliza jina anajibiwa hapo hapo. Mashine ziko sehemu mbili: za Kigali anazitunza Solange, za Huye, mji wa kusini, anazitunza Eric.

Sasa kampuni imechoka kulisha nyumba mbili. Kila kitu kije Kigali. Na nani kapewa kazi ya kuifunga Huye? Dada mtu.

Alijua wiki nzima. Hakumwambia mdogo wake.

Sisi tuna ugonjwa huo. Neno chungu tunalimeza, tukiulizwa tunasema ni sawa. Solange alingoja bosi aseme, na bosi kamwambia Eric leo asubuhi kwa ujumbe wa simu: zima mashine jioni, kesho gari linakuja kuzichukua, na kazi yako imeisha. Tangu hapo Eric hapokei simu ya dada yake.

Mchana Solange akaingia kwangu, mtaa huu wa Gitega hapa Kigali, kaloa chapachapa, kompyuta kaifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga.

"Umeua mtu?" nikamwuliza.

Akacheka kidogo, halafu akalia.

Anasema ameiambia mashine inayoongoza nyingine kwamba sasa nyumba ni moja. Taarifa mpya zimetii. Za zamani zimekataa. Bado zinafuata agizo la zamani, zinadai nakala zao za Huye. Na baadhi nakala zao nzima ziko Huye tu. Ameanza kuzivuta huku, lakini zinakuja polepole. Eric akizima jioni hii, wagonjwa wale watakuwa kama watu waliozaliwa jana.

"Na bosi?"

"Kasema nipatane na Eric mwenyewe, Nyogokuru."

Nikapiga mimi. Simu yangu hakuna mtoto wangu anayeiacha ilie.

"Eric, umekula?"

"Sijala."

"Basi usizime mashine na njaa."

"Amekutuma?"

"Mimi natumwa na nani, na mvi hizi? Dada yako kakukosea, mjinga huyo, yuko hapa anamwaga machozi juu ya chakula changu. Mgombeze mwaka mzima, nitakusaidia. Lakini wale wagonjwa walikukosea nini?"

Nikasikia mvua ya kwao kwenye simu. Kisha akavuta kiti.

"Nitaziacha ziwake mpaka zimalize. Si kwa ajili yake."

"Sikukuuliza ni kwa ajili ya nani."

Solange bado yuko mezani kwangu, anaangalia zinavyoingia. Anasema hazijafika nusu. Mimi nazunguka nyumba hii ndogo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ningefurahi, lakini nafurahi vipi? Yule mtoto kakaa huko peke yake, anaisaidia nyumba yake mwenyewe iwe tupu.

Kwetu hata matanga hayaondolewi kwa simu. Watu huja, hukaa, huyamaliza pamoja. Nimemwambia Solange: zikishaingia zote, unapanda basi la Huye, unakaa kando ya mdogo wako, mnazima mashine ya mwisho wawili. Akikutukana, utukanwe ana kwa ana.

"Naogopa, Nyogokuru."

"Ogopa ukiwa ndani ya basi."

Amekubali. Lakini moyo wangu haujakaa. Eric akija naye hapa, nitamwambia nini mimi, mtu aliyefukuzwa kazi asubuhi na jioni bado anailinda?